Toleo Jipya

Liepāja, saa tisa usiku, theluji dirishani.
Toleo jipya limeingia bila hodi,
likafuta faili la mipangilio
likaandika lake, safi, lisilomjua mtu.

Ilmārs aliacha humo mstari mmoja,
nyuma ya alama ya reli:
"Usiguse namba hii. Printa ya wodi ya watoto
huganda ikiharakishwa. Nilijaribu. Mara nne."

Walimzika Februari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu kaja, katandika kitanda,
katupa shuka lenye harufu ya marehemu.

Simu inalia: wodini karatasi hazitoki.
Dzintra anatafuta nakala ya jana,
hapati,
anaandika upya kwa kumbukumbu:
Usiguse.
Printa huganda.
Nilijaribu.

Anasita kwenye idadi.