Kopo la Rangi Nyekundu

Nimetoka Calama, mji usiojua mwavuli.
Kwetu mvua ni habari ya redioni, ya watu wengine;
maji huja kwa lori, nasi huyahesabu
kama mgonjwa ahesabuvyo vidonge.
Miaka ishirini na sita nimechimba shaba.
Siku waliponipa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani
nilikata tiketi ya kusini kabisa,
kule ramani ilikochanikachanika
kama karatasi iliyopitiwa na panya.

Mashua, saa tano. Kisha miguu.
Nolfa Cárcamo, mlinzi wa hifadhi, ametangulia,
buti za mpira hadi magotini, kopo la rangi mkononi.
Haulizi kama nimechoka.
"Huku," anasema, "hunyesha siku kumi na tatu kwa wiki."

Sikujua kijani kina uzito.
Kimenilalia mabegani. Ukoga umeivisha miti
hadi makwapani mwa matawi,
kangaga zimeota juu ya kangaga,
na jani la nalka, pana kuliko meza ya mama,
linashika maji, linainama, linamwaga,
linainuka tena kushika mengine.
Kila kitu kinadondoka. Hata kimya kinadondoka.
Nikakinga kiganja bila kufikiri
(mazoea ya kwetu, tone halipotei bure).
Nolfa akanitazama, akageuza uso.
Sijui kama alicheka.

Jiwe la kwanza lilikuwa katikati ya msitu.
Mstari mwekundu uliofifia, na tarakimu nne.
"Mwaka niliozaliwa. Baba ndiye aliyeuchora.
Barafu iliishia hapa. Ungeegemea jiwe hili,
ingekugusa mgongoni."
Nikaegemea. Kilichonigusa ni koihue,
shina lisilokumbatika kwa mikono miwili.

Mwaka alioanza shule: vichaka.
Mwaka mashua iliporudi bila baba yake, Rudecindo:
chilko, maua yananing'inia kama hereni.
Mwaka alipomzaa Yerko: ukoga tu, mwembamba
kama ndevu za kwanza.
Kisha changarawe tupu.
Tuliyapita maisha yake yote kwa miguu,
hata saa moja haikutimia.

Halafu yenyewe.
Nilitarajia weupe. Ni buluu,
buluu ya mrututu katika matangi ya mgodi,
imepasukapasuka
kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.
Kipande kikubwa kama basi letu la zamu ya usiku
kikajiachia, kikaenda majini taratibu,
na mshindo ukaja baadaye,
kama jina la mtu unalolikumbuka
akishafunga mlango.

"Inakuuma?" nikauliza.
Alikuwa akikwangua jiwe kwa brashi ya waya.
"Msitu unakuja nyuma yake," akasema.
"Ni mrithi asiye na haya:
matanga hayajaanuliwa,
keshavaa koti la marehemu.
Lakini koti limemkaa. Hilo nalo nalikubali."

Akapima hatua. Arobaini na moja tangu mwaka jana.
Hakusema kama ni nyingi. Akasema, "Shika kopo."
Akachora mstari, akaandika mwaka,
ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mvua ikaongeza nguvu.
Rangi ikaanza kulia, uzi mmoja, nyuzi mbili,
nyekundu juu ya jiwe lililoiona anga
mwaka huu kwa mara ya kwanza.
Nikavua koti, nikalitandaza juu ya tarakimu,
mikono juu, shati limeloa hadi kwenye mbavu,

nami, mwana wa Calama,
niliyefundishwa kulamba hata umande wa dirishani,
nikasimama pale kusubiri rangi ikauke,
nikiizuia mvua.