Chungwa Kwenye Chemba

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakusema mkondo wenyewe auchimbe nani,
kwa sululu ipi, kwa ujira gani.

Baba aliuzibua miaka ishirini na sita.
Bomba la inchi sita, la udongo wa kuchoma,
lililolazwa Baba Dogo kwa nyumba arubaini;
kisha zikaja ghorofa, ploti juu ya ploti,
vyoo vikapangana kama kreti za soda,
na lile bomba halikuambiwa lolote.

Alishuka na mwanzi, kamba kiunoni,
akitoa matambara, nywele za bandia, vijiko,
siku moja meno ya mtu. Akayaosha,
akayaweka dirishani wiki nzima.
Mwenyewe hakujitokeza.

Pua yake ilistaafu kabla yake.
Asubuhi huinua kikombe amuulize mama:
"Hebu ninusie, Kwamboka. Yamechacha?"

Sasa wameleta mabomba meusi,
mapana hata mtoto wa Atisa alilala ndani mchana kutwa
tukamtafuta mtaa mzima.
Mhandisi ni Syombua. Haongei sana.
Hutazama kwenye darubini ya miguu mitatu, kisha:
"Sentimita moja kila mita.
Pungufu ya hapo, uchafu unakaa kikao.
Ukizidisha, maji yanatimua mbio, yanauacha nyuma."
Nami kibarua wake nikatazama kidole changu cha mwisho,
unene wake,
kwamba ni huo tu unaotutenganisha
na kuruka mawe kila tukienda dukani.

Gachuhi alisimama mbele ya ngazi ya ploti yake
na hatimiliki mkononi, na kofia ya Jumapili.
Tulibishana siku tatu.
Ya nne tukampitia kando.

Jumanne ilikuwa siku ya jaribio.
Syombua alitumbukiza chungwa chemba ya juu, pale kwenye kinu cha unga.
Sisi tukangoja chemba ya chini, mita mia nne,
pale bomba la zamani lilipomwaga yote Gitathuru
bila kubisha hodi.
Watu wakawekeana dau, kumi kumi.
"Dakika saba," alikuwa amesema.
Saba ikapita. Ya nane.
Muuza mutura akaacha nyama iungue.
Ya tisa, mtu akacheka. Ya kumi hakucheka mtu.

Ya kumi na moja, likaja.
Linazunguka, linang'aa, kana kwamba limetoka sokoni.
Kelele zilizopigwa ungedhani bao limefungwa!
Hakuna aliyejitolea kuliokota.
Likatupita, likashika njia ya Ruai,
kwenye mabwawa, mbali na milango yetu.

Nilirudi nyumbani na tope hadi magotini.
"Limefika?"
"Limefika, baba."
"Dakika ngapi?"
"Kumi na moja."
Akanyamaza. Akakunja vidole, kimoja kimoja,
vile visivyonyooka tena, midomo ikihesabu.
"Basi kuna mahali bomba limelala.
Mlipinda kwa Gachuhi. Kwenye ngazi."

Sikuwa nimemtajia Gachuhi.

Akapapasa kwa mguu chini ya kitanda
akitafuta buti zake.
"Kesho niamshe mapema," akasema,
"kabla mtaa haujaenda chooni."