Hesabu za Rezekne

Walipokata mshahara wa Skaidrite, mwalimu wa hesabu,
redio kutoka Riga ilisema: tunakaza mkanda.
Haikusema kiuno cha nani.

Skaidrite akaacha kupeleka viatu kwa Ilmars;
akatia gazeti ndani, theluji ikajipenyeza hivyo hivyo.
Ilmars akamwachisha Raivis, kijana wa gundi na sindano.
Raivis akaacha kununua mkate mweusi kwa Velta,
na Velta, kodi ya mauzo ikiwa imemfika kooni,
akazima tanuri moja kati ya mawili.

Machi akaja mkusanya kodi, akafungua daftari:
"Mbona mapato yameshuka?"
Velta hakujibu. Alifungua mlango wa chuma.
Paka alikuwa amelala humo, na wanawe wanne.

Mwaka huu wanajenga daraja, fedha za serikali.
Raivis kavaa kofia ya njano.
Ijumaa ya kwanza alinunua mikate miwili,
mmoja wa kula,
mmoja, alisema, wa kuomba radhi.
Velta amewahamisha paka.

Skaidrite bado anasubiri zamu yake.
Ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya kisigino,
bajeti ya mwaka juzi
imelowa, haisomeki.