Mkasi wa Shoto

Łódź, ghorofa ya nne, theluji dirishani.
Wiesława kauza saa za watu,
kauza dawa za kupunguza unene,
simu, viatu;
kila mlango aliobisha
umejaa wachuuzi kama yeye,
na kamisheni haikufika hata bei ya mkate.

Usiku ule Gniewko alikata karatasi
huku kauma ulimi.
Mkasi ukatafuna tu.
“Mama, haunitaki huu. Mimi shoto.”

Akanyamaza.
Wangapi, basi,
wanaofungua kopo kwa kulaani?

Theluji ilipoyeyuka alikuwa akielekeza wateja
kwa fundi mmoja wa visu, Solingen:
asilimia nane, kila mkasi.
Si utajiri.
Ila umeme umelipwa,
na ukutani ipo nyota
ya ncha saba,
moja imepinda.