Bei kwa Herufi

Sijui kucheza briji. Bora niseme mapema.
Najua kopa na shupaza, uru na pau,
na kwamba turufu, hata ikiwa mbili tu, hula ree ya mwenyewe.
Mimi ni mchonga majina.

Kila Aprili, theluji ikianza kuoza kando ya barabara,
mtu wa chama huingia dukani kwetu, Hafnarfjörður,
amebeba kombe la taifa ndani ya blanketi la mtoto,
na kikaratasi: majina mawili, mwaka mmoja.
Tunatoza kwa herufi.

Baba ndiye aliyeanza nalo, mwaka wa hamsini na tatu.
Sighvatur, mwalimu wa hesabu. Ketill, muuza rangi.
Jozi kumi na nne tu, juu ya ghala la samaki,
makoti mwilini, pumzi zikitoka kama moshi.
Karata, alisema Baba, zilinuka chewa
hadi mashindano yaliyofuata.

Sitini na nane ndipo waliposhinda wanawake:
Ásgerður na Hallfríður, wakunga wa Akureyri,
waliofuma soksi kati ya meza na meza.
Katibu akaomba tuwafupishe, nafasi ni ndogo.
Kwetu hakuna jina la ukoo, mtu huitwa kwa baba yake:
mwana huongezewa herufi tatu, binti sita.
Baba akachonga zote,
akatoza za mwana.

Sabini na tatu mlima ulipasuka visiwani, usiku,
na Ingimundur akapanda mashua na mkewe, kanari ndani ya tundu,
na pakiti ya karata mfukoni mwa pajama.
Majivu yakaizika nyumba hadi bomba la moshi.
Masika akaketi na Bárður, mkimbizi mwenzake,
wakanadi kama watu wasio na cha kupoteza.
Hawakuwa nacho.

Gusa hapa, chini ya sikio la kombe. Themanini na sita.
Unahisi kibonde?
Palikuwa na majina mawili hapo.
Mmoja alikohoa kila alipojaliwa kopa, mwenzake alikuna shingo,
na ushindi wao ulikuwa mkubwa mno, hata wao ukawatisha.
Nikaletewa kombe nilisugue. Nikasugua siku nzima.
Jina hufutika.
Kibonde hakifutiki: kila bingwa tangu siku hiyo
kidole chake hupita pale, husimama,
huuliza, nasi hukumbuka kazi nyingine.

Kisha benki ikaja na kombe lake la kioo,
refu kama mtoto wa miaka mitatu.
Majina yaliandikwa na mashine.
Miaka minne sikuitwa.
Oktoba moja benki ikafa, kioo kikapigwa mnada
pamoja na viti na mashine ya kahawa,
na letu la fedha likatolewa stoo, jeusi kama sufuria.

Baba siku hizi hukaa dirishani.
Mkono wa kulia haumtii.
Asubuhi hunipangia patasi zake zote mezani,
kwa mkono wa kushoto, kubwa hadi ndogo,
kisha hasemi niinue ipi.

Mwaka huu kombe limeletwa na Steinvör mwenyewe,
bingwa, miaka themanini na moja, viatu vya mpira.
Nikamwomba anieleze mchezo, baada ya miaka yote hii.
Akasema: mnanadi wanne. Mnada ukikwisha,
mmoja hucheza. Mwenzake hulaza karata zake wazi mezani,
zote, akanyamaza.
Haruhusiwi hata kukunja uso.

Nikauliza, huyo aliyenyamaza naye ameshinda?

Akanitazama kama mwanafunzi mzito.
"Kwani wewe huchonga majina mangapi?"