Milimita Nane

Majani yalifika yamefungwa gazeti la juzi,
kwa gari la abiria kutoka Mawsynram,
yamebanwa kati ya gunia la machungwa na kuku wa mtu.
Jamyrdoh. Ukiyavunja yananuka samaki,
na maabara nzima, ghorofa ya tatu, Shillong,
ikaniuliza nimekula nini.

Nikayakausha, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti,
nikachuja, nikavukiza hadi likabaki
tope la kijani chini ya kioo.
Nikachovya vijikaratasi vya duara, milimita sita,
nikavipanga juu ya agari iliyopakwa vijidudu vya usaha:
kimoja cha jani, kimoja cha dawa ya hospitali,
kimoja cha spiriti tupu.
Hicho ndicho shahidi.
Kisha kiatamizi, joto la mwili wa mtu, nikafunga mlango.

Asubuhi ukungu wa vijidudu umetanda sahani nzima,
ila pale penye jani:
uwazi, kama dirisha lililofutwa kwa kiwiko.
Nikampigia shangazi, Kong Thrina, kabla sijapima.
"Limeshinda?"
Limeshinda, nikasema.

Ndipo nikamtazama shahidi.
Naye ana dirisha lake, saizi ileile.
Sikuwa nimesubiri vijikaratasi vikauke.
Nilichokishangilia ni pombe.

Nikapiga tena. Mvua ilikuwa juu ya bati lake,
nusu ya maneno ikaenda na maji.
"Nani alikuambia sisi tunatumia spiriti?
Tunatwanga likiwa bichi, maji ya uvuguvugu,
linakaa kidondani kabla halijasahau udongo.
Wewe umelisafirisha, umelianika, umelilevya,
halafu unaliuliza maswali!"

Nikarudia. Mara tatu, na kila kijikaratasi kikavu.
Dawa ya hospitali: ishirini na sita.
Spiriti: hakuna kitu.
Jani: nane.
Toa sita za karatasi, zinabaki mbili,
moja huku, moja kule,
ukingo mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Daktari Kharmawphlang akasema, dhaifu.
Nikaandika, dhaifu. Ndivyo ilivyo.
Lakini niliinua sahani dirishani mara mbili zaidi
kuutazama ule ukucha.

Jumamosi nitapanda gari la Mawsynram
na sahani kumi ndani ya kasha la barafu.
Kinu ni chake, rula ni yangu.
Nimemweleza kila kitu, hatua kwa hatua.
Ameuliza vijidudu vitakula nini njiani.