Kona Tu

Niliandika kila neno. Ndiyo kazi yangu.
Feni ilikoroga joto la Mombasa ikaliacha palepale,
wakili Dungarwala akafuta kipara kwa kitambaa cha tatu,
na hataza iliyokataliwa ikasomwa upya,
dai la kwanza hadi la kumi na tisa.

Kadzo Mwaringa, fundi, mrufani,
aliapa, akasimama kama msumari.
"Programu hukimbia ndani ya kichakataji
hatua milioni kabla kope hazijakutana.
Ukitaka kuziandika zote, Kilindini nzima
haitatosha kuwa ghala la madaftari.
Mimi naandika kona tu.
Imepinda: moja. Haikupinda: sifuri.
Palipo nyoofu, mwenye ramani atapajua mwenyewe."

Jaji Nyambogha akavua miwani.
"Mtoto wa Kibokoni akitoka chuoni
hukumbuka vivyo hivyo:
kulia penye haluwa, kushoto penye baraza iliyobomoka.
Upya uko wapi?"

Kimya. Kimya hakina herufi, sikukiandika.

Kadzo akainama, akavua kiatu,
akakung'uta changarawe, akakivaa.
(Hilo nalo halimo.)
"Mheshimiwa, mtoto huyo husimama kila kona akatazama.
Changu hakimsimamishi mtu.
Anayefuatwa hapunguzi mwendo, wala hahisi,
na siku akianguka
tutajua ni kona gani iliyomwangusha."

Upande wa pili wakafungua majalada yao, manene, ya kampuni ya mbali.
Haya yalikwisha julikana, wakasema.
Wakataja tarehe.
Tarehe ndizo zilizomkaba. Mwaka ule
alikuwa akikesha wodini Makadara, mkono wa mamake mkononi,
na fomu ya maombi ikalala chini ya mto
miezi kumi na mmoja.

"Hayo yamo katika kumbukumbu?" jaji aliuliza.
Nikapekua. Nikapekua tena, polepole, makusudi.
"Hayamo, Mheshimiwa."

Hukumu: tarehe itatangazwa.

Jioni nilimwona kwa muuza viazi karai,
anakula wima, jalada kwapani,
ukwaju ukimchuruzika hadi kiwikoni.
Karani hasalimiani na mrufani; ndiyo kanuni.
Akalipa. Akafika njia panda.
Mbele kuna stendi ya kwao,
kushoto kunarudi karakanani.

Akapinda.

Sikuwa na kalamu.
Kwa ukucha, kiganjani, nikachora moja.